Siku Niliyomuua Minza kwa Kipaza Sauti

Beseni la bati likianguka juu ya ardhi kavu halinyamazi mara moja. Linapiga kishindo, kisha linazunguka kwa ukingo wake, ng'iii, ng'iii, ng'iii, linazidi kwenda mbio kadiri linavyolala, halafu linakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Sauti hiyo niliisikia mnadani Bariadi, kipaza sauti kikiwa mkononi mwangu. Hadi leo mtu akidondosha sufuria jikoni kwangu, naacha kazi niliyoishika, nageuka kutazama nani amesimama nyuma yangu.

Wadogo zangu wa ukoo wa Binza, nimepata ujumbe wenu. Mnataka kuanzisha shirika la kusaidia watoto, na mmeniomba niwaandikie kurasa mbili tatu za namna ya kujisajili, kupata kibali na kuchangisha. Nami nimeanza na beseni. Mnivumilie, vibali vinakuja.

Kwanza mjue mnaongea na mstaafu. Chekeni tu. Nina miaka thelathini na minne, sina pensheni wala kiinua mgongo, hata keki ya kuagwa sikukatiwa. Lakini nilichangisha kwa miaka kumi, na siku kazi iliponitosha nilikiweka kipaza sauti juu ya kabati, nikanunua cherehani. Elimu yangu ni kidato cha nne, cheti chenyewe nakificha. Ndoto ndizo ninazo nyingi. Sasa hivi naota duka la kushona lenye kioo kikubwa mbele, sketi za shule zimening'inia, na jina langu, Neema, limeandikwa kwa rangi ya zambarau. Ndivyo nilivyokuwa hata siku ya kwanza kazini, nikiwa na miaka ishirini na miwili: niliota tutanyoosha miguu ya watoto wote wa Simiyu.

Maana shirika letu lilikuwa la miguu. Jina lake naliacha lipumzike. Tulikuwa tunawapeleka Mwanza watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Kule mtoto anafungwa P.O.P., ile plasta ngumu, kuanzia vidoleni hadi pajani, baada ya wiki inakatwa, mguu unasogezwa kidogo, anafungwa nyingine. Wiki kwa wiki hivyo hivyo. Ukiruka, mguu unarudi ulikotoka. Hilo mlishike, ndilo lililotaka kutuua wote.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Masanja, mstaafu wa kweli yeye, wa shule ya msingi. Ndiye aliyeanzisha shirika, ndiye mwenyekiti, ndiye aliyekuwa akibeba betri ya kipaza sauti begani kama mtoto. Alinifundisha mambo ambayo hata leo nawapa bure. Usichangishe mnadani asubuhi, mtu hajauza mbuzi wake. Subiri saa nane. Usisimame karibu na wachoma nyama, moshi utakukohoza katikati ya jina la mchangiaji, naye atakasirika. Mchango wa kuku uandikiwe risiti, na kuku mwenyewe afungwe kitambaa mguuni, kwa sababu kuku wote wanafanana mbele ya afisa. Niliwahi kuandika risiti, "mtetea mmoja, mweusi, mkali," na afisa maendeleo ya jamii alipoikagua akauliza ukali tuliupimaje. Nilimwonyesha kidole changu kilichodonolewa.

Jambo kubwa alilonifundisha Mwalimu ndilo lililoniponza. Nyie ni Wasukuma wenzangu, mnajua. Kwenye msiba hakuna anayeombwa. Huyu analeta debe la mahindi, yule kuni, daftari linafunguliwa, majina yanasomwa mbele ya watu. Lakini mwambie mtu kuna mtoto ana mguu uliopinda, atakujibu, "Pole yake," na kuendelea na soda yake. Mwalimu akasema, "Neema, sisi tuchangishe kama msibani. Daftari, majina kwa sauti, shukrani kwa kila mtu." Tukafanya hivyo. Watu walitoa, jamani! Mzee mmoja alitoa ndama, akataka atangazwe mara tatu, kila mara nitaje na jina la babu yake.

Ila msiba unataka marehemu, nasi hatukuwa naye.

Kabula alikuwa na miaka minne. Nilimkuta kwa bibi yake, nje kidogo ya mji, anatembea kwa migongo ya nyayo zake, anacheka. Nilimsalimia kama mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," bibi akanipa kigoda, nikatoa fomu. Kulikuwa na sehemu ya hali ya wazazi. Bibi alinieleza vizuri kabisa. Baba wa mtoto alikwenda machimboni na hajulikani alipo. Mama yake, Minza, ndiye binti wa bibi huyo; ana meza ya dagaa sokoni Nyashimo, kwa sasa amevuka kwenda visiwani kununua mzigo, huko mtandao wa simu unasumbua, lakini atarudi. Nikaandika kwa penseli: mama yupo, mfanyabiashara wa dagaa. Bibi akaweka dole gumba. Nikampiga Kabula picha kwa simu yangu, miguu ikionekana.

Ofisini Mwalimu akaisoma, akavuta raba.

"Ukiandika mama mfanyabiashara," akasema, "watu watasema, basi na auze dagaa amtibu mwanawe."

"Lakini yupo, Mwalimu."

"Yupo, ndiyo. Akirudi atakuta mtoto anatembea. Atatulaumu kwa lipi?"

Akafuta. Fomu akanirudishia mimi, na mimi, kwa kalamu ya wino, nikajaza: yatima. Simsingizii mzee wa watu. Raba ilikuwa yake, kalamu ilikuwa yangu. Nilijiambia natia chumvi kidogo tu, mboga ikolee. Tukachapisha mabango ishirini kwenye steshenari: picha ya Kabula, na chini yake, HANA BABA WALA MAMA. Nilipika mwenyewe gundi ya unga wa muhogo, tukabandika.

Kabula akaanza safari za Mwanza, mimi nimempakata. P.O.P. ya kwanza, ya pili. Huku mimi na Mwalimu tukizunguka minadani. Tulitangaza Nyashimo, tulitangaza Nassa, kisha tukarudi nyumbani Bariadi. Na uongo, wadogo zangu, hautulii mahali pamoja. Nyashimo nilisema mama yake, Minza, amefariki. Nassa nikasema aliteseka sana kabla ya kufariki. Siku ya Bariadi nilikuwa nimenogewa. Watu wamejaa, saa nane na nusu, mbuzi wameshauzwa. Nikashusha sauti kama mtangazaji wa redio, maana hata jina langu la mnadani lilikuwa Redio, nikasema, "Na mama yake, Minza, ziwa likamchukua."

Ndipo beseni likaanguka.

Dagaa walimwagika mpaka miguuni pangu. Mwanamke mwenye kitenge cha kijani alisimama katikati ya watu, mikono bado iko juu kichwani, imeshika hewa.

"Minza yupi?" akauliza.

Nami, kwa kipaza sauti, sikuwa hata nimekizima, nikajibu, "Minza mama yake Kabula, mayu. Marehemu."

"Marehemu ndiye anayekuuliza."

Mbuzi tu ndio waliokuwa wakilia. Kisha mama mmoja muuza vikapu akashika mdomo, "Khaa! Redio ameua mtu mzima mchana kweupe!" Mzee aliyekuwa ametoa jogoo akasogea taratibu, akainama. "Binti, huyo jogoo wangu nimfungulie kamba. Mimi nilitoa kwa ajili ya msiba, na maiti naiona imesimama." Watu wengine wakacheka, kile kicheko cha woga. Nikapiga magoti nianze kuwazoa dagaa kwenye vumbi, niwarudishe beseni, nifanye chochote.

"Waache," Minza akasema. "Marehemu hauzi."

Alikuwa ameshuka Lamadi siku hiyo hiyo kutoka visiwani. Hakupitia hata Nyashimo kwenye meza yake. Alitaka amwone mwanawe kwanza, auze kidogo mnadani, amnunulie viatu. Viatu! Vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, amevifunga kwenye ncha ya kitenge. Niliviona vikining'inia alipogeuka kuondoka.

Mchana huo huo tulimfuata nyumbani, mimi na Mwalimu. Minza amekaa mlangoni, Kabula mapajani, P.O.P. ya pili imechafuka matope. Mwalimu akaanza kujieleza, bibi akamkatiza. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Wewe mtoto, uliniambia naweka dole kwa ajili ya mguu."

Basi. Nimesikia watu wakitukanwa vibaya mnadani, lakini sijasikia neno lililoniingia kama hilo. Nyie mkianza kazi yenu, kabla mtu hajaweka dole msomeeni fomu yote, kwa Kisukuma kama ndiyo lugha yake. Na mkibadilisha hata neno moja baadaye, mrudi na fomu mumsomee upya.

"Keshokutwa anabadilishiwa P.O.P.," nilimwambia Minza. "Dada, tafadhali. Tukichelewa mguu utarudi."

"Kwenye gari lenu hapandi. Mtoto akiwa na mama, nyie mmempakia kwa ruhusa ya nani?"

Minza akawa anamchana mtoto nywele kwa vidole.

"Umeniua wapi na wapi?"

"Nyashimo. Nassa. Na leo."

"Nifufue kote uliponiua. Ukimaliza, mtoto atapanda gari. Siku ni zako kuhesabu."

Kesho yake asubuhi tukaitwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Mtu alikuwa ameshapeleka habari. Afisa alikuwa Madamu Rehema, mwanamke mpole anayeongea kwa sauti ya chini kiasi kwamba unasogeza kiti. Jalada letu lilikuwa mezani: usajili, katiba, taarifa za mwaka, kibali. Vyote vilikuwa safi. Hapo ndipo nilipoduwaa zaidi, kwamba makaratasi yanaweza kuwa safi hivyo na sisi tukawa tulivyo.

"Neema, kibali chenu kinawaruhusu kuchangisha wapi?"

"Wilaya ya Bariadi, madamu."

"Nyashimo iko wilaya gani?"

"Busega."

"Nassa?"

"Busega, madamu."

"Kwa hiyo kipaza sauti kilivuka mpaka chenyewe?"

Mwalimu akajaribu. "Madamu, nia yetu ilikuwa njema."

"Najua, Mwalimu. Ila fomu hii haina mahali pa kuandika nia. Ina mahali pa kuandika wazazi."

Akasimamisha michango siku hiyo. Watoto waliokuwa kwenye P.O.P. wapelekwe kwa kilichokwisha kuchangwa, lakini kuomba kupya, hapana, hadi kila tulipotangaza uongo tutangaze ukweli, mtendaji wa kata aandike barua kwamba amesikia kwa masikio yake, na mabango yote yabanduliwe. Nilitoka pale kichwa kinaniuma, halafu mlangoni nikashtuka: Madamu Rehema na Minza walikuwa wamenipa adhabu moja, na hawajawahi hata kuonana.

Bariadi tulianza kesho yake, kabla hapajapoa. Haikuwa siku ya mnada, tukasimama sokoni. Nikasema, "Jamani, juzi nilidanganya. Minza yupo hai. Mtoto ana mama." Kinywa changu, kilichozoea kusifiwa, kilikuwa kimekauka kama pumba. Mwalimu alikuwa ameniambia yeye ni mzee, atasema nini mbele ya watu, atashika betri tu. Akaishika. Lakini nilipomaliza, akanigusa bega, akachukua kipaza sauti, akasema maneno matatu: "Raba ilikuwa yangu." Watu hawakuelewa. Mimi nilielewa, na ndiyo maana yule mzee nampenda hadi leo.

Lakini siku ya P.O.P. ilikuwa hiyo hiyo, nayo ikatupita.

Busega nako hatukuthubutu kufungua mdomo tena bila ruhusa. Nikaenda ofisi ya wilaya pale Nyashimo na barua ya Madamu Rehema. Afisa wa huko alivua miwani.

"Mnaomba kibali cha kuchangisha?"

"Hapana, baba. Cha kuomba radhi."

"Kwa kipaza sauti?"

"Tulikosea kwa kipaza sauti."

Alifungua droo mbili. "Fomu ya kitu hicho sina," akasema. Akachukua karatasi, akaandika kwa mkono, akagonga muhuri. Barua ile ninayo. Siku hizi mambo mengi mnajaza kwenye mfumo, mnapata namba ya malipo kwenye simu, hamjui adha ya kubeba jalada kwenye nailoni mvua ikinyesha. Hiyo ni nafuu kubwa, wala msinisikie nikisifia zamani. Ila mfumo utawauliza kama mtoto ni yatima, nanyi mtabofya. Utaamini mlichobofya.

Minza alikuja Nyashimo. Sikumwita, alikuja mwenyewe, amevaa kile kitenge cha kijani. Alisema watu wa kwao hawataamini redio bila kuona. Tulipoingia sokoni tukakuta meza yake amepewa mwanamke mwingine. Yule mwanamke alipomwona, alitupa kanga juu ya samaki wake, akaanza kulia, "Minza, sikujua, sikujua, walisema hamna mtu tena." Nami nilikuwa sijui. Niliposema "amefariki" pale pale siku zile, nilidhani nasema neno tu. Kumbe neno lilikuwa limehamisha meza.

Halafu akaja kaka yake, Sayi, amekimbia kutoka Nassa baada ya kusikia kwamba tuko sokoni. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kinang'aa. Habari ya ziwa ilikuwa imemfikia kabla ya habari kwamba dada yake yu hai; siku nne alikuwa amekaa msiba bila mwili, anatuma watu mialoni waulizie kama ziwa limetoa mtu. Alisimama mbele ya dada yake. Akamshika shavu kwa vidole viwili, akambinya, kama anayepima embe.

"Nimenyoa," akasema.

"Zitaota, kaka."

Akageuka kwangu. Nilijua ananipiga, na nilijiambia nisikwepe. Akanyoosha mkono kwenye kipaza sauti, akakiwasha yeye mwenyewe, akanirudishia. "Sema."

Nikasema. Jina langu, jina la shirika, nilichoandika, nilichotangaza. Minza amesimama kushoto kwangu, mikono kifuani, anatazama kila uso uliokuwa pale. Jioni hiyo tulifanya Nassa, Sayi akiwa ametangulia kukusanya watu. Barua za watendaji, pamoja na ile ya Bariadi, zilikuwa tatu mfukoni.

Kabula alipanda gari asubuhi iliyofuata, amepakatwa na mama yake. Tulikuwa tumechelewa siku tatu. Kule Mwanza fundi wa P.O.P. aliutazama mguu, mimi nikatazama ukutani. Akasema tutaanza kidogo nyuma, tutafunga moja zaidi. Moja zaidi! Nililia mpaka muuguzi akadhani mimi ndiye mama.

Leo Kabula anacheza rede, anakimbia na kukwepa mpira. Sketi yake ya shule namshonea mimi, na kumpima kiuno ni kazi, hatulii. Minza alirudishiwa meza yake, ila kwangu mimi haongei sana. Anasalimia, analipa, anaondoka. Sijamdai zaidi ya hapo. Kibali tulirudishiwa, nikachangisha miaka mingine kwa sentensi fupi fupi: huyu ni fulani, mama yake yupo hapa, mguu uko hivi. Watu walitoa kidogo kuliko zamani, kwa muda mrefu. Kisha wakazoea.

Sasa kuhusu vibali. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii kabla hamjabandika chochote, muulize mipaka ya kibali ni ipi, maana sheria zinabadilika na mimi nimebaki na cherehani. Katiba yenu muisome nyie wenyewe, msinakili ya wenzenu. Mkiandika ripoti, andikeni mlichofanya.

Hilo la mwisho nalisema kwa aibu. Kwenye ripoti ya marekebisho niliandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, "mabango yote ishirini yameondolewa." Madamu Rehema alisaini, jalada likafungwa. Mabango niliyoyaondoa yalikuwa kumi na tisa. Moja sikuliona, nikajiambia mvua imelimaliza.

Mwaka uliofuata nilikwenda Nassa kununua mchele. Nikazunguka nyuma ya ghala la pamba kutafuta kivuli, nikaliona. Lipo chini ya upenu, mvua haijaligusa. Picha imepauka, miguu haionekani tena, lakini maandishi yalisomeka yote.

Hapakuwa na mtu. Msimu wa pamba ulikuwa umeisha, ghala limefungwa. Nililoweka lile karatasi kwa maji yangu ya kunywa, nikaokota gunzi, nikaanza kukwangua. Gundi ya muhogo ilishika kweli, niliipika vizuri mno. Maji yalipoisha nilitumia mate na ncha ya kanga. Nikabandua kuanzia chini, neno la mwisho kwanza, hadi ukuta ukabaki mweupe. Vipande nikavitia kwenye mfuko wa mchele, nikaenda navyo nyumbani.